Mtoto wa sili analia usiku kucha: anamlilia mama yake au ananililia mimi?

"Daktari, salaam. Hii ni wiki yangu ya sita nikijitolea katika kituo kinachotibu na kulea watoto wa sili, wale wanyama wa baharini wenye mapezi na manyoya, waliookotwa ufukoni. Kuna mmoja, wa aina iitwayo sili wa kawaida, aliletwa kitovu hakijakauka. Huyu hulia tangu jua linapozama hadi alfajiri, 'maaa, maaa', kama mtoto wa mbuzi aliyefungiwa nje, na machozi yamemlowa mpaka mashavuni. Nikiingia hunyamaza, hunifuata na kuninyonya buti. Wakongwe wa kituo wananikataza kuzungumza naye wala kumpapasa. Hata kuimba wanasema nisiimbe. Kwangu huo ni ukatili. Nimewaza kumchezea sauti ya sili jike kutoka intaneti ili apate usingizi. Tena kuna mkubwa wake kidogo, naye alikuwa akilia vivyo hivyo, lakini sasa hunikoromea na kunirushia maji kwa pezi kila nikimkaribia. Wiki iliyopita aliniuma kidole kupitia glavu. Kidonda ni kidogo ingawa kimevimba. Je, amenichukia? Wa tatu ndiye hanisumbui kabisa: hajalia tangu juzi, amelala tu pembeni akipumua harakaharaka, hata nikimgusa hageuki. Nifanye nini kumtuliza huyu wa kwanza?"

Ndugu yangu, umeniandikia habari za sili watatu ukaniuliza juu ya wawili. Hao wawili nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu wengi wanaofanya kazi hii wanalo swali lako moyoni na wanaona haya kuliuliza. Lakini kabla hujasoma aya inayofuata, inuka ukamwambie daktari wa kituo kuhusu yule wa tatu, huyo asiyekusumbua. Usingoje zamu ibadilike. Nitarudi kwake huko chini, na kwenye kidole chako pia.

Umeshamwambia? Basi tuanze na kilio.

Kiswahili kimetupa kitenzi kimoja kwa mambo mengi. Mtoto analia, kengele inalia, simu inalia. Tukisikia "maaa" ya mtoto wa sili, masikio yetu yanakimbilia maana ya kwanza, ile ya simanzi. Na kweli sauti ile imefanana mno na ya kichanga cha binadamu. Kama inakukata maini saa tisa za usiku, hilo si kosa lako. Lakini kwa mtoto wa sili wa kawaida (Phoca vitulina), kulia kule kuko karibu zaidi na simu kuliko msiba. Anaita. Anatangaza yeye ni nani na yuko wapi.

Fikiria maisha aliyoumbiwa. Sili huyu mara nyingi huzaliwa juu ya mchanga au mwamba ambao maji yakijaa yataufunika. Kwa hiyo huzaliwa akiwa tayari kuogelea, na saa chache tu baadaye yumo majini na mama yake. Humo kuna mawimbi na mkondo, kuna giza, na kuna majike wengine waliofanana na mama yake kama shilingi kwa ya pili. Wakipotezana kwa dakika chache, kinachowakutanisha ni sauti. Ndiyo maana huanza kuita karibu mara tu anapozaliwa, na akiwa majini huita ameinua kichwa, ambapo sauti hiyohiyo moja husafiri hewani na ndani ya maji kwa pamoja. Kila mtoto ana sauti yake, yenye mkato wake, na ndani ya siku chache za kwanza mama huweza kuitofautisha ya mwanawe na ya mtoto wa jirani. Mama mwenyewe, kwa sehemu kubwa, hajibu kwa mdomo. Husikia, hugeuka, humfuata alipo, wakanusana pua kwa pua. Lishike hilo, tutalihitaji tukifika kwenye wazo lako la intaneti.

Sasa mwondoe mama. Mtoto anaita, hakuna anayekuja, anaita tena. Hakuna kitu mwilini mwake kinachomwambia kwamba ameita vya kutosha, kwa sababu baharini mtoto anayenyamaza mapema ndiye asiyepatikana. Ndiyo sababu anaweza kuita usiku kucha huku ameshiba, amelala ubavu, na joto lake la mwili liko sawa. Sisemi kwamba hana dhiki. Mnyama mchanga aliyetenganishwa na mama yake ana dhiki, na atakayekuambia vinginevyo usimsikilize. Ninachosema ni kwamba wingi wa kelele hauipimi dhiki hiyo. Nimewaona waliolia mpaka jirani wakalalamika, wakanenepa na kuondoka salama. Nimewaona pia waliokaa kimya.

Hapa nikuombe usichukue haya ukayapaka kwa kila sili atakayeletwa. Kuna kisa cha sili kijivu ambacho hadi leo hunishangaza. Katika kisiwa cha Isle of May, Uskoti, watafiti walirekodi sauti za watoto wakakuta kila mmoja ana yake; lakini walipowachezea mama rekodi hizo, mama hawakushughulika na sauti ya mtoto wao kuliko ya mtoto mwingine. Ukivuka bahari hadi kisiwa cha Sable, Kanada, ambako kuna sili wa aina hiyohiyo, mama wanazitambua. Halafu nenda kisiwa cha Amsterdam, kusini mwa Bahari ya Hindi, kwa sili-manyoya. Mama huyo hunyonyesha kwa miezi mingi, na katikati huenda kuvua mbali, pengine kwa majuma mawili au matatu mfululizo. Mtoto hujifunza sauti ya mama yake ndani ya siku mbili hadi tano baada ya kuzaliwa, na mama haondoki kwa safari ya kwanza mpaka mtoto awe ameshaijua. Huko mama huita kweli na mtoto hujibu. Kwa hiyo ukiuliza "kilio hiki kina maana gani", swali la kwanza ni kwamba huyu ni sili wa aina gani. Wako ni sili wa kawaida, na kwake mazungumzo ni ya upande mmoja.

Machozi nitayapitia upesi. Sisi tuna kijifereji kinachotoa machozi kwenye kona ya jicho na kuyashusha puani. Sili hana. Machozi yake, ambayo hutoka muda wote kulinda jicho dhidi ya chumvi na mchanga, hayana pa kwenda ila usoni. Akiwa nchi kavu utaona manyoya yamelowa kuzunguka macho, na hiyo ni habari njema, maana yake mwili wake una maji ya kutosha. Uso mkavu ndio wa kutisha.

Buti nalo lina maelezo yake. Mtoto wa umri huo ana kazi mbili tu, kumfuata mama na kutafuta ziwa. Kitu chochote kikubwa kinachotembea karibu naye chafaa kufuatwa, na kitu chochote laini kilicho usawa wa pua yake chafaa kujaribiwa: buti, ukingo wa bwawa, kitovu cha mwenzake. Ukijumlisha na ukweli kwamba mlango ukifunguliwa ndipo chakula huja, utaona kwa nini hunyamaza ukiingia. Wewe si mama yake, na wala hakufikirii hivyo kwa namna unayotamani. Wewe ni kitu kinachotembea ambacho maziwa hufuatana nacho. Najua neno hilo halipendezi.

Ndipo tunapofika kwa wakongwe wako na ukatili wao. Mwaka 1971, katika jimbo la Maine, Marekani, mtoto yatima wa sili wa kawaida alichukuliwa na George na Alice Swallow wakamlea nyumbani kwao. Alipowazidi kwa kula, alihamishiwa New England Aquarium mjini Boston. Alipokuwa dume pevu alianza kutamka maneno ya Kiingereza kwa sauti nzito na lafudhi ya watu wa Maine. Aliwasalimu wageni na kuwaambia waje. Huyo ndiye Hoover, sili anayezungumza, na watu walikuja kutoka mbali kumsikia. Alikufa mwaka 1985, hapohapo Boston. Wengi husimulia kisa hiki wakicheka. Mimi husikia kitu kingine ndani yake: mtoto aliyesikia binadamu katika majuma ya kuumbika kwa sauti yake, akabaki na binadamu hadi kufa.

Kwa muda mrefu kisa hicho kilichukuliwa kama kioja. Lakini uwezo wa mnyama kubadilisha sauti yake kwa kufuata anachosikia ni nadra sana kwa wanyonyeshaji. Tunao sisi, popo, nyangumi na pomboo, tembo, na hawa sili. Mwaka 2021 watafiti walichapisha kazi waliyoifanya katika kituo cha Pieterburen, Uholanzi, kituo cha kulea sili kama chako. Waliwachezea watoto wanane, wa umri wa juma moja hadi matatu, kelele zilizorekodiwa katika Bahari ya Wadden, mara kwa sauti ndogo, mara kubwa. Kelele ilipoongezeka, watoto wale waliishusha sauti yao ikawa nzito zaidi. Mtoto wa juma moja, asiyejua hata kukamata samaki, tayari anaweza kuliongoza zoloto lake, yaani kiungo cha sauti kooni, kulingana na kinachomfikia masikioni. Mwaka uliofuata, katika kituo hichohicho, watoto ishirini walichezewa sauti za sili zilizopangwa kwa midundo tofauti, bila mafunzo wala zawadi. Waligeuza kichwa mara nyingi zaidi mdundo ulipokuwa wa haraka na wenye mpangilio.

Kwa hiyo unapomwimbia, hasikii kelele tupu. Anasikiliza. Anakuweka akilini pamoja na maziwa na joto, katika majuma ambayo kichwa chake kinaandika ni sauti ipi ya kukimbilia. Miezi michache baadaye mtoto huyo atakuwa baharini, na sauti ya binadamu atakayoisikia huko itatoka kwenye mashua yenye injini, kwenye nyavu, au kwa mtu aliye na mbwa ufukoni. Wakongwe wako wanamkatia njia hiyo mapema. Ni kazi ngumu kwa moyo, na pengine wameifanya miaka mingi mpaka wamesahau kumweleza mgeni sababu yake. Hilo ni kosa lao.

Mimi mwenyewe nilikuwa mwimbaji. Mwaka wangu wa kwanza nilimwimbia mmoja kila usiku wa zamu yangu, kwa siri, na nikaona fahari alivyokuwa akinyamaza kwa ajili yangu. Siku ya kumwachia tulifungua kasha mita chache kutoka majini. Wenzake wawili wakateleza kuelekea mawimbini. Yeye aligeuka, akatambaa hadi kwenye buti langu. Ilibidi arudishwe kituoni akae majuma kadhaa zaidi na wenzake pasipo kuniona wala kunisikia, na safari ya pili nilikatazwa kuja. Alikwenda, nikaambiwa. Sikumwona.

Rekodi ya sili jike, basi, tumeshaipatia jibu: mama wa aina hii hana wimbo wa kubembeleza, kwa hiyo utakachokipata intaneti kina uwezekano mkubwa wa kuwa sauti ya mtoto mwingine, ya dume akinguruma chini ya maji msimu wa kupandana, au ya jike aliyekasirika. Vyovyote iwavyo, utakuwa umemwongezea kitu cha kuitikia. Redio nayo izimwe, pamoja na ile simu ya zamu inayolia kila mara.

Hata hivyo sitaki uondoke ukidhani jibu langu ni "mwache alie". Kuna mambo ya kuangalia, na la kwanza ni njaa. Maziwa ya mama sili wa kawaida ni karibu nusu yake mafuta. Ya sili kijivu hufika asilimia 60. Ya ng'ombe yana takriban asilimia 4, tena yana sukari ya maziwa ambayo tumbo la sili halikuumbiwa. Ndiyo maana mwokotaji mwenye huruma na chupa ya maziwa ya dukani hutuletea mtoto anayehara. Mtoto aliyezaliwa na kilo kumi hivi hutazamiwa uzito wake uongezeke maradufu ndani ya mwezi mmoja au zaidi kidogo. Uji wa samaki na mafuta tunaowapa kwa mpira, yaani mrija unaofika tumboni, haufikii utajiri wa maziwa ya mama, hata tujitahidi vipi. Omba uonyeshwe daftari la uzito. Kama mstari unapanda, kilio ni simu tu. Kama umelala palepale kwa siku tatu nne, sema, maana huenda kipimo cha mlo au nafasi kati ya mlo na mlo vinahitaji kurekebishwa, na wewe unayekesha naye ndiye unayejua kilio kinazidi saa ngapi.

La pili ni mwenzake wa kukaa naye. Hapa wataalamu wenyewe hatukubaliani kabisa, nami nitakuambia ninavyoona. Mtoto akiwekwa na mwenzake wa umri wake, mara nyingi kelele hupungua, hujifunza kugombea samaki, na macho yake huhama kutoka kwa watu kwenda kwa sili. Hayo ni mazuri makubwa. Ubaya wake ni kwamba hunyonyana. Nimeona kitovu kilichokuwa kimekauka kikafunguliwa upya kwa kunyonywa usiku mmoja, na kidonda cha kitovu kwa mtoto mchanga ni mlango wa sumu kuingia damuni. Kuna na magonjwa: aliyefika jana hajamaliza karantini, humweki na yeyote hata alie vipi. Mimi hungoja kitovu kifunge na majibu ya vipimo yatoke, kisha nawaweka wawiliwawili na mtu akiwatazama usiku wa kwanza. Kituo chenye watu wachache usiku huenda kikaamua kungoja zaidi, na siwezi kukilaumu.

Zaidi ya hapo, mpe giza na ukimya. Fanya unalolifanya kwa upesi na kwa utaratibu uleule, bila maneno, kisha utoke. Akifuata buti, weka ubao kati yenu. Na usishtuke ukimkuta amelala chini ya bwawa kama jiwe. Sili hulala humo wakibana pumzi, na kila baada ya dakika kadhaa huibuka kuvuta hewa wakiwa nusu usingizini.

Sasa huyu aliyekukoromea. Ndugu yangu, hongera. Sili wa kawaida hunyonya kwa majuma manne hivi, pengine sita, kisha mama humlikiza kwa siku moja: anaondoka, basi. Hamfundishi kuvua, hamwagi. Kuanzia hapo kuita hakuna faida tena, na sauti ile ya "maaa" hupungua hadi kupotea. Mahali pake huja lugha nyingine: kukoroma, kunguruma, kupuliza pua kwa nguvu, kuachama mdomo, kupungapunga pezi la mbele, kupiga maji. Yote hayo husema neno moja, "nipishe". Sili wa kawaida waliokomaa hulala ufukoni kwa makundi, lakini ukiwatazama vizuri utaona kila mmoja amemwachia mwenziwe nafasi, na anayeivuka hupigwa pezi. Mtoto wako amefika umri wa kutaka nafasi yake. Hajakuchukia, kwa sababu hakuwahi kukupenda. Alikuita alipokuhitaji, sasa hakuhitaji. Akila samaki mzima mwenyewe ndani ya maji, akikimbilia upande wa mbali wa bwawa ukitokea mlangoni, na uzito wake ukifika kiwango cha kituo chenu, ambacho kwa aina hii kwa kawaida huwa kati ya kilo 25 na 35, tayarisheni kasha.

Dalili mbaya kwake ingekuwa kinyume chake: kuendelea kuita na kufuata watu akiwa ameshaota meno yote na anakula samaki. Huyo ndiye wa kujadiliwa kikaoni.

Nirudi kwa wa tatu. Ukisoma tena barua yako utaona ulimtaja kwa mistari miwili, karibu kwa shukrani. Kila mgeni katika kazi hii hufanya hivyo, na mimi nilifanya. Sikio letu hukimbilia anayepiga kelele. Lakini kuita kunahitaji nguvu, na mtoto ambaye jana alikuwa akiita na leo haiti, bila kuwa amekua wala hajaanza hiyo lugha ya "nipishe", ameishiwa kitu. Aliyekua hunyamaza huku akizidi kuwa mkali. Mgonjwa hunyamaza huku akizidi kuwa mpole. Upole wa sili mchanga anayeguswa asigeuke ni dalili, sawasawa na homa.

Pumzi yake ndiyo iliyonifanya nikuinue kitini. Sili mzima aliyepumzika hapumui kama mbwa aliyekimbia. Huvuta pumzi kadhaa, pua hujifunga, akatulia muda mrefu kiasi cha kumtisha asiyemzoea, kisha akavuta tena. Vipindi hivyo vya ukimya ni afya. Vikitoweka, pumzi zikawa fupi, za mfululizo, mbavu zikivutika kwa nguvu, fikiria mapafu, homa, au maumivu. Kwa mtoto wa majuma machache huenda ni nimonia, au sumu iliyoingia kwa kitovu, au virusi vya jamii ya herpesi ambavyo vilitambuliwa kwa mara ya kwanza kwa watoto wa sili kituoni huko Uholanzi mwaka 1985 na vinapenda hasa wachanga. Kwa mkubwa aliyekwisha kuanza kula samaki baharini, minyoo ya mapafu huja mbele ya orodha, na mara nyingi utaona kikohozi na makamasi yenye damu. Hatusahau pia virusi vya distempa vilivyopita Ulaya kaskazini mwaka 1988 na tena mwaka 2002, vikiua maelfu kwa maelfu kila mara. Sikutajii haya ili ubashiri ugonjwa. Ninakutajia ili uone kwa nini barua haitoshi, na kwa nini hata mimi nisingeweza kumtibu kupitia kwako.

Ukimngoja daktari, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima, uandike, urudie baada ya robo saa. Tazama manyoya ya chini ya macho, yamelowa au yamekauka. Angalia kama akiguswa mapezi ya nyuma anakunja mwili. Usimpe mlo kwa mpira hata kama saa yake imefika, kwa sababu mtoto dhaifu aliyepoa mwili hutapika, na uji wa samaki ukiingia mapafuni umemmaliza. Usimtie bwawani. Usimfunike blanketi wala kumwagia maji. Mafuta yaliyo chini ya ngozi, kama yamebaki, ndiyo blanketi lake, na yasipokuwepo daktari ataamua juu ya joto. Na nguo ulizomhudumia nazo usiingie nazo kwa yule anayelia.

Kidole, sasa. Umesema kidonda ni kidogo ingawa kimevimba, baada ya wiki nzima. Wawindaji wa sili wa kaskazini walikijua kidole hicho zamani kuliko madaktari, wakakiita kidole cha sili. Mara nyingi kijidudu chake ni mikoplasma inayoishi mdomoni na ngozini mwa sili: jeraha dogo, siku kadhaa za utulivu, kisha uvimbe unaouma kupita ukubwa wa jeraha, na ukiachwa huingia kwenye kiungo. Zama ambazo dawa hazijajulikana, watu walikatwa vidole. Mdudu huyo hana ule ukuta wa seli ambao penisilini huushambulia, kwa hiyo vidonge vya kundi hilo utavimeza bure. Dawa za jamii ya tetrasaiklini ndizo zinazofanya kazi. Daktari wa kawaida huenda hajawahi kuona mgonjwa wa namna hii maishani mwake, na si aibu yake. Akisikia tu "nimeumwa kazini" atakuandikia kile anachowaandikia walioumwa na mbwa. Taja na ni sili wa aina gani na wa wapi, maana tangu mwaka 2024 kichaa cha mbwa kimethibitishwa kwa sili-manyoya wa pwani ya Afrika Kusini, na kwa aliyeumwa na mmoja wao matibabu ni ya saa hizohizo. Nenda leo, na utaje sili kabla hujafungua bendeji.